Homa Zijifichazo: Habari za Maradhi Yatokayo Zizini

Katika nchi ya Mungaa, wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida, hakuna mtu mzima asiyeijua homa. Mtu huamka asubuhi akitetemeka, kichwa chamwuma, viungo vyamlegea, na watu wa nyumbani mwake husema mara moja, "Ni malaria." Mara nyingi husema kweli, kwa maana malaria ipo nchini mwetu, nayo huua. Lakini si kila homa ni malaria. Ziko homa nyingine zisizoletwa na mbu, bali hutoka katika zizi la ng'ombe, katika kibuyu cha maziwa, na katika majani wakaamo kupe. Hizo ndizo tunazotaka kuzieleza leo, ili viongozi wa vijiji, walimu, na kila ajuaye kusoma wazifahamu na kuwasomea wasiojua.

Twaanza na habari moja ya hakika iliyopatikana Moshi. Tangu Septemba 2007 hata Agosti 2008 wataalamu waliwachunguza kwa makini wagonjwa 870 wa homa, wakubwa kwa wadogo, waliolazwa katika hospitali mbili za mji ule, yaani KCMC na Mawenzi. Walipolazwa, wagonjwa 528 walidhaniwa kuwa wana malaria. Damu zao zilipopimwa vizuri, wale ambao homa yao ilitokana na malaria kweli walikuwa 14 tu. Tena walionekana wagonjwa 118 wenye maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama, wala hapana hata mmoja kati yao ambaye ugonjwa wake halisi ulifikiriwa siku ile alipolazwa.

Katika hao 118, watu 40 walikuwa na ugonjwa uitwao leptospira, ambao huenezwa na mkojo wa panya na wa wanyama wengine. Waliobaki walikuwa 78. Kati yao 36 walikuwa na homa ya kupe, 24 homa ya Q, 16 brusela, na wawili homa ya tifasi. Maradhi haya manne yana tabia moja: vijidudu vyake hujificha ndani ya chembe za mwili wa mgonjwa. Ni kweli kwamba Moshi si Singida, na malaria haipo kwa kiasi kimoja kila mahali. Lakini ng'ombe, mbuzi, kondoo na kupe wako Mungaa kama walivyoko Moshi, na maziwa hunywewa huku na huko. Kwa hiyo yatupasa kujua mambo haya.

CHEMBE ZA MWILI NA WAGENI WAKE

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno, ambazo siku hizi shuleni huitwa seli. Haziwezi kuonekana kwa macho matupu, ila kwa hadubini. Mfano wake ni kijiji chenye nyumba nyingi. Kila nyumba ina ukuta wake na mlango wake, na kati ya nyumba hizo kuna njia ambamo damu na maji ya mwili hupita. Katika njia hizo hutembea askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kukamata vijidudu vigeni, kuvimeza na kuviua.

Vijidudu vingi vya bakteria hukaa njiani, nje ya nyumba. Mfano ni vile vya homa ya papasi, ambavyo huogelea katika damu. Mtu akitazama tone la damu kwa hadubini wakati homa imepanda, aweza kuviona vikijipindapinda. Askari huvikuta na kupigana navyo waziwazi.

Lakini kuna vijidudu vyenye hila zaidi, ambavyo huingia nyumbani na kufunga mlango. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba vingine huingia ndani ya askari mwenyewe. Askari hukimeza kijidudu cha brusela akidhani kwamba atakiua, kumbe amejitilia adui tumboni. Kijidudu hukaa mle, huzaana mle, na askari atembeapo hukichukua mpaka katika ini, wengu, mifupa na viungo. Kijidudu cha homa ya Q ni hodari zaidi. Ndani ya askari mna mahali penye maji makali kama siki, ambayo huyeyusha vijidudu vingine. Hapo ndipo hicho hupapenda kukaa na kuongezeka. Vile vya homa ya kupe, kwa upande wao, huingia katika chembe zilizotandikwa ndani ya mishipa midogo ya damu.

Kwa sababu hiyo hutokea mambo matatu. Kwanza, askari wa mwili hawampati adui upesi, na ugonjwa huweza kudumu majuma au miezi. Pili, dawa isiyoweza kupenya ukuta wa chembe haifai kitu, hata ikiwa ni dawa nzuri kwa maradhi mengine. Tatu, mpimaji akitazama damu kwa hadubini aghalabu haoni kitu, na mgonjwa huambiwa kwamba hana ugonjwa, hali anaumwa.

JAMAA ZA VIJIDUDU HIVI TUNAOWAJUA TANGU ZAMANI

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni mageni kabisa. Ukoma huletwa na kijidudu cha namna hii, nacho kiligunduliwa mwaka 1873 na daktari wa Norway, Armauer Hansen. Kifua kikuu nacho ni vivyo hivyo. Kijidudu chake kilitambuliwa mwaka 1882 na Robert Koch, Mjerumani, yule yule aliyekuja Afrika ya Mashariki baadaye kuchunguza homa ya papasi. Kijidudu cha kifua kikuu hukaa ndani ya askari wa mapafu, na ndiyo maana dawa yake hunywewa kwa miezi mingi. Vikope, yaani trakoma, ugonjwa wa macho uliopofusha watu wengi katika nchi kavu za Dodoma na Singida, huletwa na kijidudu kisichoweza kuzaana ila ndani ya chembe.

Wafugaji nao wana mfano wao. Ndigana baridi ya ng'ombe, ile imfanyayo mnyama akonde, ufizi na macho vikawa vyeupe au vya manjano, na mavi yakawa makavu, huletwa na bakteria wakaao ndani ya chembe nyekundu za damu. Maji moyo ya ng'ombe, mbuzi na kondoo pia ni ya jamii hiyo. Lakini ndigana kali si ya bakteria, ingawa nayo hujificha katika chembe na huletwa na kupe. Malaria vile vile si ya bakteria. Twasema hivi kusudi walimu wasichanganye mambo haya wanapowafundisha watoto.

BRUSELA, YAANI UGONJWA WA KUTUPA MIMBA

Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Waingereza, David Bruce, alikuwa katika kisiwa cha Malta, ambako askari wengi waliugua homa ya kupanda na kushuka. Huyu ndiye Bruce aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchunguza malale. Kule Malta alikiona kijidudu cha homa ile katika wengu za askari waliokufa, lakini hakuna aliyejua kilikotoka. Mwaka 1905 daktari wa Malta mwenyewe, Themistocles Zammit, alipima damu za mbuzi na kuona kwamba mbuzi waliokuwa wakionekana wazima walikuwa na kijidudu hicho. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na homa ile ikapungua sana kati yao kwa muda mfupi.

Huko Denmark, Bernhard Bang alikuwa amekwisha kugundua mwaka 1897 kijidudu kinachowafanya ng'ombe watupe mimba. Kwa muda wa miaka 20 watu walidhani kwamba hivi ni vitu viwili mbalimbali. Mwaka 1918 mwanamke wa Marekani, Alice Evans, alionyesha kwamba vijidudu hivyo ni ndugu wa ukoo mmoja, naye akaonya kwamba maziwa ya ng'ombe yapashwe moto kabla ya kunywewa. Wengi hawakumsadiki. Mwaka 1922 yeye mwenyewe aliambukizwa katika kazi yake, akaugua kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu watu walidhani kwamba hana ugonjwa wa kweli. Mambo yaliyompata mtaalamu huyu huwapata wakulima wengi wasio na jina hata leo.

Katika mifugo alama kubwa ya brusela ni kutupa mimba, hasa miezi ya mwisho. Kondo la nyuma hukawia kutoka, maziwa hupungua, na dume huweza kuvimba korodani au goti. Lakini ng'ombe aweza kutupa mimba mara moja tu, kisha akazaa salama, na huku bado anatoa vijidudu katika maziwa na katika uchafu wa uzazi. Kwa hiyo mnyama anayeonekana mzima si lazima awe salama.

Mtu hupata brusela kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kunywa maziwa mabichi, au mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa. Ya pili ni kushika kwa mikono mitupu ndama aliyetupwa, kondo la nyuma, au damu na maji ya uzazi, hasa mtu akiwa na mchubuko mkononi. Wachinjaji nao wamo hatarini. Kutoka mtu kwenda mtu mwingine ugonjwa huu ni nadra sana.

Baada ya kuambukizwa, mtu hukaa kwa kawaida majuma mawili hata manne, na pengine miezi kadha wa kadha, kabla ya kuugua. Homa huja na kuondoka. Jioni mgonjwa huwaka moto, usiku hutoka jasho jingi, asubuhi hujiona nafuu, akadhani amepona. Mgongo, kiuno na magoti humwuma, nguvu humwisha, chakula hakimpendezi, moyo huwa na huzuni bila sababu. Wanaume wengine huvimba korodani. Mwanamke mwenye mimba aweza kuiharibu. Jirani husema kwamba fulani amekuwa mvivu, kumbe ni mgonjwa.

HOMA YA Q

Mwaka 1935 watu wa machinjio ya Brisbane, nchi ya Australia, waliugua homa isiyojulikana. Daktari Edward Derrick aliichunguza, na kwa kuwa hakujua asili yake aliiita kwa herufi Q, ambayo ni mwanzo wa neno la Kiingereza lenye maana ya swali. Jina likabaki hivyo, ingawa swali lilikwisha kujibiwa.

Kijidudu cha homa ya Q hukaa kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, na hutoka kwa wingi mno wakati wa kuzaa au kutupa mimba. Maji ya uzazi yakikauka, kijidudu hakifi. Huchanganyika na vumbi la zizi na kuweza kudumu miezi mingi, kisha upepo hukichukua. Mtu akivuta pumzi penye vumbi hilo huambukizwa, hata kama hakumgusa mnyama, na vijidudu vichache sana vyatosha. Huko Uholanzi, kati ya mwaka 2007 na 2010, watu zaidi ya 4,000 waliugua kwa sababu ya mbuzi wa maziwa waliokuwa wakifugwa karibu na makao ya watu. Nasi wa Singida twajua upepo wetu wa kiangazi na vumbi linaloinuka katika zizi likifagiliwa.

Katika watu walioambukizwa, karibu nusu hawaoni ugonjwa wowote. Wengine hupata homa ya ghafula, kichwa kuuma sana, na kikohozi cha kichomi au ini kuvimba. Wachache, hasa wenye ugonjwa wa moyo tangu zamani, hupatwa na hatari kubwa baadaye: kijidudu hujificha katika milango ya moyo, na baada ya miezi au miaka huiharibu. Wanawake wenye mimba nao wajihadhari sana.

HOMA YA KUPE

Homa hii huenezwa zaidi na kupe wakubwa wenye madoa ya rangi mgongoni, wale wale waletao maji moyo kwa mifugo. Kijidudu chake katika Afrika kilipewa jina lake maalum mwaka 1996 tu, ingawa ugonjwa ni wa zamani. Kupe akimwuma mtu, baada ya siku chache, kwa kawaida zisizozidi kumi, homa huanza pamoja na maumivu ya kichwa na shingo. Pale alipoumwa hutokea kidonda kidogo chenye gamba jeusi katikati, na mitoki ya karibu huvimba. Pengine huwa vidonda viwili au vitatu, na pengine vipele mwilini. Mgonjwa asipotazamwa mwili mzima, nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na katika nywele, gamba hilo halionekani, na homa huitwa malaria.

JINSI YA KUUTAMBUA UGONJWA

Mtu mwenye homa apimwe malaria kwanza, wala asichelewe, hasa mtoto na mwanamke mwenye mimba. Kipimo cha haraka huonyesha jibu kwa muda mfupi. Lakini kipimo kikisema kwamba hakuna malaria, maana yake si kwamba mtu ni mzima. Maana yake ni kwamba homa ina sababu nyingine ya kutafutwa. Kumeza dawa ya malaria juu ya jibu hilo ni kupoteza fedha na siku. Vile vile wengi huambiwa wana homa ya matumbo kwa kipimo kimoja cha damu kisichoaminika sana. Homa ya matumbo ipo, na kijidudu chake nacho hujificha ndani ya askari wa mwili, lakini njia iliyo bora ya kuihakikisha ni kuotesha damu katika maabara.

Sasa msomaji aweza kuuliza: ikiwa vijidudu hivi vimejificha, huonekanaje? Jibu ni kwamba mara nyingi hatumtafuti mwizi mwenyewe bali nyayo zake. Mwili ukivamiwa hutengeneza vitu vya kujikinga, viitwavyo kingamwili, na kila aina ya kijidudu huwa na kingamwili zake. Hizo ndizo nyayo. Kwa brusela mpimaji huchukua tone la maji ya damu, hulichanganya na tone la vijidudu vya brusela vilivyouawa na kutiwa rangi ya waridi, kisha hulitikisatikisa kwa dakika nne. Kingamwili zikiwamo, rangi ile hugandamana vipande vipande kama maziwa yaliyokatika. Zisipokuwamo, hubaki laini. Baada ya hapo hufaa kupima tena kwa kipimo cha pili cha kuthibitisha, maana nyayo za zamani zaweza kudanganya.

Kwa homa ya Q na homa ya kupe kazi ni ngumu zaidi. Nyayo hazionekani siku za kwanza. Hivyo damu hupimwa mara mbili, mara ya kwanza mtu anapougua, na ya pili baada ya majuma mawili hata sita. Kingamwili zikiwa zimeongezeka mara nne au zaidi, ndipo huhakikishwa. Viko pia vipimo vipya vitafutavyo chembechembe za asili ya kijidudu chenyewe, lakini vipimo hivi havipatikani katika kila zahanati. Ndiyo sababu daktari mwenye busara hangoji jibu la mwisho. Huanza dawa kwa kuziona dalili na kwa kuisikia habari ya mgonjwa.

Na hapo ndipo penye kazi ya mgonjwa mwenyewe. Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kilio humfichua." Katika homa hizi maradhi yenyewe yamekwisha kujificha. Mgonjwa akificha habari zake tena, daktari atayaonaje? Basi mtu wa Mungaa aendapo zahanati, au katika hospitali ya Makiungu iliyo karibu naye, aseme mambo haya bila kungoja kuulizwa: homa imeanza lini, na je, huja jioni na kuondoka asubuhi; je, hunywa maziwa mabichi; je, katika miezi michache iliyopita alimzalisha ng'ombe au mbuzi, au kuna mnyama wake aliyetupa mimba; je, ameumwa na kupe; je, wako wengine nyumbani wenye homa kama yake. Wafugaji wengine huona haya kusema kwamba ng'ombe wao hutupa mimba, wasije wakakosa wanunuzi. Lakini maneno hayo machache humwelekeza daktari kwenye kipimo na dawa inayofaa.

DAWA

Homa hizi zina dawa. Iliyo kubwa ni doksisaiklini, ambayo hupenya ndani ya chembe. Kwa homa ya kupe hutumika siku chache tu, na mgonjwa huona nafuu upesi. Homa ya Q ya kawaida huhitaji kama majuma mawili, lakini ile iliyoingia katika moyo huhitaji dawa kwa mwaka na nusu au zaidi. Brusela haitibiwi kwa dawa moja. Hutolewa dawa mbili pamoja, na muda wake ni majuma sita. Dawa za jamii ya penisilini, ambazo watu hununua dukani, hazifai kwa homa hizi. Wenye mimba na watoto wadogo huchaguliwa dawa na daktari, kwa hiyo mtu asinunue mwenyewe.

Kosa kubwa ni kuacha dawa ya brusela baada ya juma la pili kwa kuwa homa imeshuka. Vijidudu vilivyokuwa nje vimekufa, lakini vilivyo ndani ya chembe vinangoja. Dawa ikikoma hutoka tena, na ugonjwa hurudi, pengine katika mifupa ya mgongo.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI NA KIJIJINI

Kwanza, maziwa yachemshwe mpaka yafure. Moto huo huua brusela, homa ya Q, na hata kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho huwavimbisha watoto mitoki ya shingo. Wengi husema kwamba mtindi hauna madhara kwa kuwa umeganda. Kuganda si kuchemka. Apendaye mtindi achemshe maziwa, ayaache yapoe, ayatie katika kibuyu kilichosafishwa kwa maji ya moto, kisha aongeze mtindi kidogo uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Yataganda vizuri na ladha haitapotea.

Pili, mnyama akizaa au akitupa mimba, asishikwe kwa mikono mitupu. Aliyekosa glavu avae mifuko ya plastiki isiyotoboka, kisha anawe kwa sabuni mpaka viwikoni. Ndama aliyetupwa na kondo la nyuma vichomwe, au vifukiwe katika shimo refu, wala wasipewe mbwa, kwa maana mbwa huviburura kijiji kizima. Wanawake wenye mimba na watoto wasikaribie. Zizi likifagiliwa wakati wa kiangazi linyunyiziwe maji kwanza. Na pale ambapo mbuzi au ndama hulala katika nyumba moja na watu, wajengewe banda lao.

Tatu, mifugo iogeshwe kwa dawa ya kupe kwa taratibu iliyowekwa. Wachungaji wajitazame mwili kila jioni. Kupe aking'ang'ania, ashikwe karibu na ngozi na kuvutwa polepole moja kwa moja, wala asipondwe kwa kucha.

Nne, ng'ombe akitupa mimba, afisa mifugo aarifiwe, na mnyama atengwe mpaka apimwe. Kwa desturi yetu ng'ombe hutembea sana: huuzwa mnadani, hukabidhiwa jirani amtunze, hutolewa mahari. Ng'ombe mwenye brusela akitolewa mahari, nyumba mpya huanza na ugonjwa wa nyumba ya zamani. Mwenye mali aliye mwaminifu hamhamishi mnyama wa namna hiyo kabla hajapimwa. Chanjo ya mitamba ipo, na afisa mifugo ndiye wa kuulizwa juu yake. Kwa wanadamu chanjo ya brusela haipo. Kinga yetu ni moto chini ya sufuria na sabuni mikononi.

Viongozi wa vijiji twawaomba wayatie maneno haya katika mikutano yao, na waulize waziwazi ni mazizi mangapi yaliyoona mimba kutupwa mwaka huu. Idadi hiyo ikijulikana, afisa mifugo na mganga watajua mahali pa kuanzia. Walimu nao wawafundishe watoto, kwa sababu mara nyingi mtoto ndiye mchungaji, ndiye mkamuaji, na ndiye wa kwanza kunywa maziwa yakiwa bado na joto la kiwele. Mtoto ajuaye kwa nini maziwa huchemshwa atamkumbusha mama yake hata siku ile kuni zitakapokuwa haba.